Je, wajua kwa nini jangwani mtu huona kama hatoki jasho?

Tulikuwa wanne. Tuliingia kwenye korongo la jangwani kabla ya alfajiri, tukafuata mchanga wa chini saa nyingi, kisha tukaanza kupanda mwamba kuelekea kileleni. Kufika saa tano asubuhi jua lilikuwa limeshashuka mpaka sakafu ya korongo, na wenzangu kila wakisimama wanakunywa maji. Mimi nikajipapasa kifuani: pakavu. Kwapani: pakavu. Nikawatangazia kwamba mwili wangu haupotezi maji, na kwamba joto kavu halinisumbui. Hakuna aliyenijibu. Mlima ulikuwa umewabana pumzi.

Kileleni nikavua begi. Mgongo, kwa umbo lilelile la begi, ulikuwa chapachapa. Mwenzangu mmoja akauliza kama chupa yangu imevuja. Haikuvuja, tena ilikuwa karibu imejaa, jambo lililozidi kuniumbua.

Iweje mgongo mmoja uwe umelowa chini ya begi, na sentimita mbili pembeni uwe mkavu kama karatasi?

Jibu ni kwamba nilikuwa natoka jasho mwili mzima tangu asubuhi. Chini ya begi lilikosa pa kwenda, ndiyo maana likaonekana. Kwingineko hewa kavu ililichukua kabla halijawa tone. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba jasho ni ule unyevu unaouona. Unyevu unaouona ni jasho lililobaki, yaani lile ambalo bado halijafanya kazi yake. Tone linaloteleza puani na kudondoka chini limekutoka bure: umepoteza maji, na ubaridi hukuupata.

Kosa hili lina ndugu zake, na nilikuwa nao wote. Niliamini kwamba anayetoka jasho jingi ni yule asiye na mazoezi. Ukweli ni kinyume. Mwili ukikaa kwenye joto wiki moja au mbili ukifanya kazi, hujifunza kuanza kutoa jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na hupunguza chumvi inayotoka nalo. Hata majeshi yaliwahi kuamini kwamba askari anaweza kuzoeshwa kuishi na maji kidogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Edward Adolph wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, na wenzake waliwapima watu katika jangwa la California. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1947, yaliizika imani hiyo: unaweza kumzoesha mtu joto, kiu huwezi. Waliona pia kwamba mtu anayetembea juani, hata akiwa na maji tele mkononi, kwa kawaida hunywa pungufu ya anayopoteza, kisha hufidia akila. Na aliyevaa nguo hutoka jasho kidogo kuliko aliyevua. Nami nilikuwa nimeshafikiria kuvua fulana.

Sasa, jasho lenyewe linapozaje? Chukulia kila molekuli ya maji iliyo juu ya ngozi ni abiria anayetaka kupanda hewani. Hapandi bila nauli, na nauli yake ni joto. Yeye hana kitu mfukoni, kwa hiyo anayelipa ni ngozi. Kila abiria anayeondoka ameondoka na joto lako kidogo.

Nauli hiyo si ndogo. Kuchemsha lita moja ya maji, kutoka nyuzi 20 hadi 100, kunahitaji kama kilojuli 335. Kuikausha lita hiyohiyo juu ya ngozi kunachukua karibu kilojuli 2,400, yaani kama mara saba, na maji hayakuchemka hata kidogo. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa njia hiyohiyo: maji machache hupenya, hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani ndiyo yanayolipa.

Penye unyevu mwingi hewani mambo hukwama. Kituo kimejaa, karibu kila abiria anayepanda, mwingine anashuka, na anayeshuka anairudisha nauli. Ndiyo maana kwenye joto la fukuto unachuruzika huku umebaki na joto lako. Jangwani wanapanda wengi, wanaorudi ni wa kuhesabu. Mfumo unafanya kazi vizuri kiasi kwamba huoni kama unafanya kazi.

Na una kazi nzito. Misuli inayopanda mlima hugeuza kama robo tu ya nguvu yake kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Mtu anayepanda kwa bidii anaweza kuzalisha wati 500 za joto, sawa na hita ndogo ya umeme. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto hilo hujitokea lenyewe. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, mlango huo hugeuka na wewe ndiye unayepashwa moto, huku kuta za mwamba zikichangia. Hapo linabaki jasho peke yake. Wati 500 kwa saa nzima zinahitaji kama robo tatu ya lita, kabla hujalihesabu jua.

Msomaji asikimbilie kubugia maji, lakini. Kiasi cha kunywa ndipo wataalamu wanapovutana: wapo wanaosema ifuate kiu, wapo wanaosema kiu huchelewa, na hakuna namba moja inayomfaa kila mtu. Kilicho wazi ni kwamba maji matupu mengi kupita kiasi hushusha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, katika damu, na wasafiri waliougua hivyo wameokolewa ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa: dalili hufanana sana na za aliyekaushwa na joto, jambo la kutatanisha kwa anayekuhudumia mlimani. Ndiyo maana waliozoea hubeba na vitu vya chumvi vya kutafuna.

Tulikaa kileleni kula. Upepo ukanipiga mgongoni na nikasikia baridi, kwenye joto lile, kwa sababu jasho lililofungiwa asubuhi nzima lilikuwa linaondoka lote kwa mpigo. Haikuchukua muda, fulana ikawa kavu kabisa. Nilipoivua kuitazama, pembeni pa lile umbo la begi palikuwa na mstari mweupe, umejikunjakunja kama mpaka kwenye ramani. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaonja. Chumvi tupu.