Fitingi ya aironi ni nini, na kwa nini fimbo uliyopewa inaweza isiwe yako

Fitingi kwa lugha nyepesi ni kupimiwa. Badala ya kuchukua seti ya aironi, zile fimbo za gofu zenye kichwa chembamba cha chuma, ilivyotoka kiwandani, mtu anakupima wewe kwanza, kimo chako, mikono yako, namna unavyopiga, afu ndo fimbo zinachaguliwa na kurekebishwa zifuate vipimo vyako. Ni kazi ileile ya fundi cherehani na futikamba yake shingoni, ila fundi cherehani anakupima umesimama tu, huku kwenye gofu unapimwa umesimama halafu unapimwa tena unapiga, manake mwili uliotulia na mwili unaozunguka kwa kasi havitoi vipimo sawa hata siku moja.

Wengi neno wanalijua ila wanadhani ni mambo ya mapro, kwamba wewe wa hendikapu 24, yaani ambaye bado unajifunza, utafanyia nini fitingi, jifunze kwanza kupiga. Mi naamini ni kinyume kabisa. Mchezaji mzuri ukimpa fimbo isiyomfaa atajua namna ya kuibembeleza, mpira utaenda. Anayejifunza hana huo ujuzi, kwa hiyo mwili wake unajipanga kuifuata fimbo, anakunja mgongo pasipotakiwa, anainua viwiko, na baada ya mwaka lile kosa limeshakuwa ndo swingi yake, namna yake ya kuzungusha fimbo. Kulitoa hapo ni kazi kweli kweli.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Aironi zangu za kwanza nilipewa na mjomba, mtu mrefu, mimi kwake nafika begani. Fimbo nzuri, zimetunzwa, nikazipiga miaka miwili na mpira unaenda kushoto, kila siku kushoto, nikaambiwa badili mkono, badili miguu, punguza haraka, vyote nikafanya. Siku moja kedi mmoja mzee, mbeba fimbo niliyekuwa naye, akaangalia shimo nililochimba kwenye nyasi, akachuchumaa, akaniambia, "Kijana, hebu lete hiyo fimbo." Akaigeuza unyayo juu, yaani ile sehemu ya chini ya kichwa inayogusa nyasi, akaupangusa kwa taulo, akanionyesha kwa kidole. Katikati ya unyayo kulikuwa na mikwaruzo ya zamani iliyofifia, ya mjomba hiyo, na huku upande wa kisigino, ule wa karibu na mpini, kuna mikwaruzo mipya inayong'aa, ndo yangu. "Hii fimbo siyo yako hii." Nikamwambia ni yangu mzee, nimepewa na mjomba. "Umepewa, ila siyo yako."

Alichokiona yule mzee kinaitwa lai, na kama utapima kitu kimoja tu maishani kwenye aironi zako basi pima hiki. Lai ni pembe kati ya shafti, ule mpini mrefu, na ardhi fimbo ikiwa imekaa kwenye nyasi. Ikiwa imesimama sana kuliko mwili wako unavyotaka, kidole cha fimbo, ile ncha ya mbele, kinanyanyuka juu na kisigino kinachimba, na kwa anayepiga kulia mpira unaelekea kushoto hata kama umepiga vizuri. Ikiwa imelala sana inakuwa kinyume chake, kidole kinachimba, mpira unakwenda kulia. Na kadiri fimbo inavyokuwa na uso uliolala zaidi ndo kosa la lai linavyozidi kuonekana, kwa hiyo weji zako, zile fimbo fupi zenye uso uliolala kuliko zote, zinaumia kuliko aironi 4 (namba ikiwa ndogo, uso umesimama zaidi na mpira unaenda mbali), ambapo ni balaa kwa sababu weji ndo unayoitegemea iweke mpira karibu na bendera.

Kupima lai sio lazima uwe na mashine. Chukua maka peni, ile ya ubao mweupe inayofutika, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira chini mstari ukiwa umesimama wima na umeelekea uso wa fimbo, halafu piga kama kawaida. Wino utabaki kwenye uso wa aironi. Ukiona mstari umesimama wima, lai yako iko sawa. Ukiona juu umeinamia upande wa kidole, fimbo imesimama mno kwako, ukiinamia kisigino basi imelala mno. Rudia mipira 5 au 6 usiamini mmoja, futa uso kila mara, na pima na aironi 7 kwanza kwa sababu iko katikati ya seti. Jambo la dakika kumi hivi, na hakuna aliyeniambia kwa miaka miwili.

Urefu unaenda pamoja na lai, havitenganishwi. Aironi 7 ya kawaida yenye shafti ya chuma ina kama inchi 37, na kila aironi inapishana na jirani yake kwa nusu inchi hivi. Watu wanapima kimo peke yake, kumbe kinachohitajika ni umbali kutoka kwenye mkunjo wa kiganja hadi sakafuni umesimama wima na viatu vyako mikono ikining'inia, manake wapo watu wawili wa kimo kimoja, mmoja mikono inakaribia magotini mwingine mifupi, na fimbo zao haziwezi kufanana. Ukiongeza nusu inchi, mafundi wanahesabu kwamba fimbo inakaa kama imesimama digrii moja zaidi, ndo maana huwezi kugusa urefu ukaiacha lai ilivyo.

Kuipinda lai inawezekana, kuna mashine ya kubana kichwa na mkono mrefu wa chuma wa kuvutia. Aironi za kufuliwa, zile ambazo chuma chake laini kimegongwa kikapata umbo, zinapinda bila shida digrii 2 au hata 3. Za kumiminwa kwenye kalibu zinategemea aina ya chuma, nyingine ni ngumu na zinaweza kupasuka shingoni, kwa hiyo muulize fundi kabla hajaanza kuvuta.

Hapa lazima nimtaje Karsten Solheim, aliyeanzisha PING, kampuni ya kutengeneza fimbo za gofu. Alizaliwa Norway, akakulia Marekani, baba yake alikuwa fundi viatu na yeye mwenyewe akafanya kazi hiyohiyo ya viatu kabla hajawa injinia wa General Electric. Miaka ya 1970 mwanzoni kampuni yake ikaleta chati ya rangi, kila aironi ina nukta ya rangi inayoonyesha lai, nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelala kidogo, bluu imesimama kidogo. Mi naona sio bahati kwamba aliyefanya hivyo alitoka kwenye viatu. Mtu aliyeshika miguu ya watu hawezi kuamini saizi moja inawatosha wote. Kwa hiyo ukikutana na PING za mtumba zina nukta, hiyo sio urembo, angalia rangi kwanza kabla hujatoa hela.

Shafti nayo ina habari ndefu ila ntakwambia ninachoona ni cha maana. Kuna fleksi, yaani inavyopinda, na zinaandikwa kwa herufi, L, A, R, S na X, kutoka laini hadi ngumu. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, R ya huyu inaweza kuwa karibu na S ya yule, ukinunua kwa herufi tu umenunua kwa kubahatisha. Uzito mi nauona muhimu zaidi, shafti za grafaiti zipo za gramu 50 na kitu na za chuma zipo za gramu 130, tofauti hiyo mtu anaisikia begani akifika shimo la 14 jua kali. Na hii tabia ya kumpa mwanamke yeyote shafti ya L bila kumwona anapiga iachwe, wapo akina dada wenye kasi kuliko waume zao, na wapo wazee wa kiume wangecheza kwa raha sana wakikubali A. Kinachoamua ni kasi ya fimbo na jinsi unavyoanza kuishusha.

Halafu kuna lofti, mlalo wa uso, na hapa watu wanauziwa maneno. Zamani aironi 7 ilikuwa na digrii kama 36 hivi, siku hizi seti nyingi za kusaidia wanaojifunza zina aironi 7 ya digrii 28 mpaka 30. Kwa hiyo unajaribu dukani, mpira umeenda mbali, unafurahi, kumbe umepiga aironi 5 ya zamani iliyoandikwa 7. Sio wizi, vichwa vya sasa uzito umewekwa chini na mpira unanyanyuka vizuri, ila ujue huko chini kunabaki pengo, pichingi weji inakuwa digrii 43 au 44 na sendi weji yako 56, katikati hapo hauna kitu. Inabidi uongeze fimbo, na mfuko mwisho wake ni fimbo 14.

Ndo maana ukienda kupimwa kwenye mashine za rada zinazofuatilia mpira, kama TrackMan, usikae unaangalia yadi tu. Angalia mpira unashuka kwa pembe gani, manake ukishuka kwa mlalo hautakaa kwenye griini, ile nyasi fupi yenye shimo, utapita. Angalia mipira 10 imetawanyika kiasi gani, sio ule mmoja mrefu kuliko yote. Na kumbuka ulipo. Nairobi ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha kama 1,400, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Dar au Mombasa. Aliyepimwa Nairobi akija kucheza pwani atakuta kila fimbo imepungua, asidhani fimbo zimeharibika.

Gripu, pale unaposhikia fimbo, ni rahisi. Ishike kwa mkono wa juu, vidole viwili vya katikati viguse kidogo tu nyama ya kiganja. Vikizama ni nyembamba, visipofika ni nene. Basi.

Najua kuna watakaosema mbona Seve Ballesteros, yule bingwa wa gofu, alijifunza kwa aironi 3 moja ufukweni kwao Hispania, akaja kushinda mashindano ya Kenya Open 1978 hapo Nairobi, nani alimpima? Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini yule alikuwa mtoto aliyepiga mipira kila siku mpaka giza, mikono yake ikajifunza kutoa mapigo yote kwenye fimbo moja. Wewe una Jumamosi asubuhi, na labda Jumatano jioni bosi akiwa amesafiri. Muda huo mdogo usiutumie kupigana na fimbo.

Na kama hela ya seti mpya haipo, usikate tamaa, nunua mtumba lakini geuza kila fimbo uangalie unyayo kama alivyofanya yule mzee, mikwaruzo iko wapi, halafu jaribu na maka peni. Zikikaribia, peleka kwa fundi azipinde au akate, ni nafuu mara nyingi kuliko kununua upya. Zangu za mjomba zilikatwa nusu inchi zikalazwa digrii 2. Vipimo vyote fundi aliviandika kwenye karatasi, fimbo moja moja, na kila mwaka mvua zikiisha nazirudisha abane tena aone, manake chuma laini kikigongwa kwenye mkeka wa mazoezi mwaka mzima kinahama chenyewe, mwaka jana aironi 8 ilikuwa imehama digrii nzima.