Mbwa mkubwa anazoea, tatizo ni siku za mwanzo

Jumatatu asubuhi kanipigia jamaa wa Tandahimba, ana shamba la korosho, mwaka jana wezi waliingia usiku wakamzolea magunia, anataka mbwa. Nikamwambia hapa kwangu Mtwara ninao sita walioachwa na wenyewe, wote wakubwa, wote wamechanjwa, wanne nimeshawafunga kizazi, njoo uchague, sitaki hata mia. Akanijibu yale yale: "Dokta, mi nataka kitoto. Mbwa mkubwa hazoei, moyo wake unabaki kwa mwenyewe wa zamani." Huyo ni wa nne mwezi huu. Wa nne! Nikakata simu nikakaa kwenye ngazi pale nyuma, wale sita wananiangalia, nikasema leo naandika, maana kila mwaka msimu wa korosho ukikaribia narudia maneno haya haya kwa mtu mmoja mmoja na nimechoka.

Tupige hesabu kwanza. Tupo Septemba. Ukichukua kitoto cha miezi miwili leo, Desemba korosho zinaisha kitakuwa na miezi mitano, meno ya utoto bado yanang'oka, usiku kinalia baridi kinataka kulala miguuni kwako. Mbwa wa kienyeji anaanza kulinda kwa maana ya kulinda akikaribia mwaka, wengine mwaka na nusu. Na hapo nahesabu kwamba kimefika Desemba, maana parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua vitoto vya mbwa, inapita huku kila mwaka, kitoto leo kinacheza, kesho kinatapika, keshokutwa kinaharisha damu, siku ya nne unachimba shimo. Chanjo ya parvo siyo ile ya kampeni ya kichaa cha mbwa, ni ya kununua na inarudiwa, na wengi wanaotaka vitoto hawainunui. Kwa hiyo mtu anaibiwa msimu huu, halafu anachagua mlinzi wa msimu ujao ambaye huenda asifike. Wakati huo huo pale kwangu kuna jike la miaka minne ambalo mtu akigusa geti saa nane usiku mtaa mzima unajua.

Sasa hilo neno lenyewe, kuzoea. Hapa ndo naomba mnivumilie, maana watu wanachanganya vitu vitatu wanaviita jina moja.

Kuna mbwa kuzoea mahali, yaani ajue maji yako wapi, kivuli kiko wapi, geti linaliaje, nani ni wa hapa na nani mpita njia. Kuna kuzoea mtu, amfuate, amsogelee, amletee mgongo akunwe. Halafu kuna kuona pale ni pake, na hii ndo inayomfanya abweke mgeni akija, maana mbwa halindi kwa sababu umemleta alinde, analinda pale anapopahesabu kuwa ni pake. Hivi vitatu haviji siku moja. Na havifuati mpangilio mmoja kwa kila mbwa, nimeona mbwa amemganda mtu siku ya pili lakini hajabweka mwezi mzima, nimeona mwingine anabwekea bodaboda siku ya tano na mwenye nyumba mwenyewe bado hajamgusa kichwa. Mtu akichukua mbwa Ijumaa, Jumapili anaona hajabweka, hajala, kajikunyata, anasema unaona, hazoei. Hapana. Hujampa muda hata wa kujua choo kiko wapi.

Nitawasimulia wa Naliendele. Kuna mzee alichukua kwangu jike la kahawia, nakadiria miaka mitano, wenyewe walihamishwa kikazi wakaliacha na mlinzi, mlinzi naye akaondoka. Siku ya pili mchana mzee ananipigia, sauti imebadilika: "Dokta, huyu mnyama anakufa." Nikapanda bodaboda. Nakuta mbwa kajibana chini ya mkokoteni, pua kaielekeza ukutani, mkia kaufyata mpaka tumboni. Mbele yake bakuli la ugali wa dona na dagaa, limejaa, sisimizi wameshapanga foleni. Anahema kwa kasi na yuko kivulini, anajilamba midomo kila sekunde, jicho kalipindisha mpaka weupe unaonekana. Na watoto wa mtaa kama kumi na wawili wamechuchumaa nusu duara wanamwangalia, mmoja ana kijiti.

Nikawaondoa watoto. Nikampima joto, 38.6, sawa kabisa kwa mbwa. Ufizi wa pinki, ukiubonyeza damu inarudi haraka. Haumwi. Ameogopa tu, na woga wa mbwa unafanana sana na ugonjwa kwa mtu asiyeuzoea. Nikamwambia mzee wangu, lete kigoda, kaa hapa, mpe mgongo, usimwite, usimwangalie, fanya kazi yako. Mzee akaniangalia kama nimechanganyikiwa ila akakaa, akaleta mihogo yake akaanza kumenya. Mimi nikasogea kule mbali kwenye mpapai. Dakika arobaini. Yule jike akatoa kichwa, akatoa bega, akaja kwa tumbo kama anatambaa, akanusa shati la mzee mgongoni, akarudi chini ya mkokoteni. Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Ndo nini hiyo?" Nikamwambia ndo kabisha hodi, mzee wangu, wewe endelea kumenya.

Usiku ule alikula. Siku ya kumi na sita saa tano usiku simu, nikadhani kuna msiba. "Dokta, amebweka! Sikiliza!" akaelekeza simu nje nisikie. Sasa hivi mzee akienda kuswali alfajiri jike linamsindikiza mpaka mwisho wa kiwanja, linalala pale pale chini ya mpapai mpaka arudi. Huyo ndo mbwa mkubwa asiyezoea.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wangemrudisha siku ile ya pili. Na kila akirudishwa anakuwa mgumu zaidi kwa anayefuata, halafu huo ugumu ndo unageuka ushahidi kwamba mbwa wakubwa hawafai. Ndo maana sasa hivi nikimtoa mbwa tunakubaliana siku ishirini na moja, kama hajang'ata mtu usinirudishie kabla ya hapo, nipigie simu hata usiku nitakuja.

Na jambo la kamba. Wiki ya kwanza mbwa mpya asiachwe huru usiku, hata kama anaonekana mpole, hasa kama anaonekana mpole. Kuna dume nililitoa kwenda Mikindani, kama kilomita kumi tu kutoka mjini, wakalifungulia siku ya nne kwa huruma, siku ya sita alfajiri nalikuta getini kwangu nyayo zimechubuka. Wakasema si tulikwambia, karudi kwa mwenyewe. Jamani, alirudi mahali pa mwisho alipokuwa anajua maji yalipo. Tulirudisha dume lile lile, nyumba ile ile, safari hii likalala kwenye banda lenye mlango wiki mbili, linalishwa na mtu mmoja tu, linatembezwa kwa kamba asubuhi na jioni likojoe kwenye mipaka. Halijatoka tena. Lakini kamba ya wiki mbili siyo mnyororo wa maisha. Mbwa wa kufungwa mchana kutwa juani bila maji siyo mkali, ana mateso, na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama inayokataza kutesa mnyama. Na hayo ya kumfungia gizani au kumlisha pilipili ili awe mkali, ukiniambia hivyo hupati mbwa kwangu, mazungumzo yanaishia hapo.

Wengine wananiambia, "Mimi Muislamu, dokta, huyo mkubwa atanitia najisi." Mimi pia ni Muislamu, nimekulia Lindi, nalijua hilo. Mbwa wa ulinzi, wa shamba, wa mifugo, wa kuwinda, tumefundishwa anaruhusiwa, cha kuangalia ni mate yake na chombo alichotia mdomo, kinaoshwa mara saba moja kwa udongo. Sasa nikuulize, nani anayelamba kila kitu? Kitoto! Kitoto kinaingia jikoni, kinalamba sufuria, kinarukia kanzu yako unaenda msikitini. Mkubwa umempa banda lake nje na bakuli lake, anakaa huko. Kwa nyumba zetu za huku mkubwa ni rahisi zaidi, sijui kwa nini hili halisemwi.

Kichaa nitapita haraka. Mbwa wa kuachwa siyo lazima awe na kichaa. Mikoa yetu hii ya kusini iliingia kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2010, WHO (Shirika la Afya Duniani) walisimamia, fedha zilikuwa za Bill & Melinda Gates Foundation, wengi mnakumbuka foleni za mbwa kwenye viwanja vya shule. Lengo lilikuwa na bado ni asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, chini ya hapo ugonjwa unapata njia. Mbwa wangu wote wana kadi, na chanjo inarudiwa. Ukichukua, ni kazi yako kuirudia. Mbwa yeyote akikung'ata, hata wa kwangu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano na uende hospitali siku hiyo hiyo, mbwa afungiwe aangaliwe siku kumi. Usingojee kuona kama ataumwa ndo uende.

Na hapa niseme ukweli ambao haunipendezi. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini kwa mbwa wiki au miezi kabla hajaonesha dalili, kwa hiyo mbwa niliyemwokota jana nikamchanja jana, siwezi kukuhakikishia kama yuko safi. Ndo maana wa mtaani kabisa nakaa nao miezi sita kwanza. Hata hiyo miezi sita, usingizi wangu wa mwezi wa kwanza siyo mzuri.

Ukweli mwingine ni umri. Nikikwambia ana miaka minne, nimeangalia meno, na meno mpaka miezi saba yanasema vizuri, baada ya hapo ni makadirio. Mbwa wa huku anatafuna mifupa na mawe, meno yanakwisha mapema, naweza kukosea miaka miwili.

Na kuna mbwa ambao kweli hawazoei, sitaki mtu aseme nimeficha. Kitoto kikipita wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili bila kushikwa na binadamu, kile kipindi kikifunga kimefunga kwa kiasi kikubwa. Ninalo dume jekundu nililitoa kule feri kwenye samaki, lilizaliwa chini ya mitumbwi, miaka miwili sasa, linakula mita mbili kutoka nilipo, likiona mkono linaondoka. Nimelipenda hivyo hivyo na halitoki kwangu. Zamani nilikuwa naahidi kila mbwa atazoea akipewa upendo, siahidi tena. Ila angalieni tofauti, shida ya huyu ilianza akiwa kitoto. Wale wengine sita wamelelewa na watu, wamewahi kuitwa majina, wanajua mlango ni nini. Ukubwa wao ndo faida, maana tabia imeshajulikana.

Imeshajulikana kwa kiasi. Mwaka juzi nilimpa mama mmoja dume ambalo kwangu watoto walikuwa wanalichezea masikio, kule likang'ata mtoto wa jirani aliyesogelea bakuli. Mtoto alipata sindano zote, alipona, mbwa hakuwa na kichaa. Lakini nilikuwa nimemwambia yule mama halina shida na watoto, na neno hilo lilikuwa langu. Tangu hapo namjaribu kila mbwa na bakuli kabla hajatoka, na bado hata hilo jaribio halinipi uhakika, mbwa anavyokuwa kwangu na anavyokuwa kwako ni mambo mawili, kwa hiyo namwambia kila mtu, mbwa anapokula watoto wakae mbali, awe amekaa mwezi au miaka mitano.

Yule jamaa wa Tandahimba kanipigia tena jana jioni. Nadhani alienda kuulizia vitoto kwingine akaambiwa bei. Anakuja Jumamosi kumwona lile jike la miaka minne, na amekubali kuja mara mbili kabla hajamchukua, mara ya kwanza hamgusi, anakaa naye tu. Nimemwambia anapokuja avae shati lake la shambani, asilifue, aniachie hapa. Jike litalilalia hiyo wiki, siku ya kupanda gari litaondoka nalo.