Mashapo ni nini? Chupa mbili zinatosha kuyaona

Ukimaliza kahawa chungu, chini ya kikombe hubaki unga mweusi uliotuama. Hayo ni mashapo. Katika jiografia neno ni lilelile, ila kikombe kimekuwa mto au bahari: ni mchanga, tope na chembe za mwamba zilizobebwa na maji, upepo au barafu, kisha zikatua mahali pengine.

Sisi wa Malindi twayaona kwa macho. Bara kukinyesha, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa mashamba ya watu, ulioletwa na mto uitwao Athi huko juu, Galana ukishakutana na Tsavo, na Sabaki ukikaribia pwani. Kaskazi ikivuma, tope lile husukumwa hadi mbele ya mji. Kusi huligeuza upande wa Mambrui.

Kwa nini basi tope halifiki mbali baharini? Jaribio la kujibu hilo nalipenda kuliko yote, kwa kuwa halitaki maabara. Chukua chupa mbili angavu za ukubwa mmoja. Moja itie maji ya mvua, nyingine maji ya bahari. Kila moja itie kijiko kimoja cha udongo uleule wa mfinyanzi, uliokaushwa na kupondwa. (Watoto wasitumwe peke yao mtoni kuuchota, Sabaki ina viboko.) Tikisa dakika nzima, tua chini, usiziguse tena.

Mchanga, kama umo, hutua papo hapo. Chembe yenye kipenyo kidogo mara 10 hushuka polepole takriban mara 100, na chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002. Ndiyo maana maji ya mvua huweza kulala yakiwa bado na vumbi lake. Lakini inamia chupa ya bahari uitazame kwa karibu: tope linakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, vibonge vidogo vinashuka, na juu maji yanaanza kung'aa. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, hivyo husukumana. Chumvi huupoza msukumano huo, zikashikamana, zikawa nzito, zikazama.

Zinazama juu ya nini? Matumbawe, mara nyingine. Tumbawe hukua kwa tabaka kila mwaka, na utafiti uliochapishwa 2007 ulipima tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Ndani ya tabaka hizo bariamu, aina ya metali ambayo huja na udongo wa mto, ilianza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya bara yalipokuwa yakipanuka.

Wanafunzi wakishaona chupa hizo mbili, waongeze ya tatu: nusu maji ya mvua, nusu ya bahari. Nayo itakatika. Ndivyo ilivyo mlangoni mwa Sabaki, ambako maji hayajawa chumvi kamili na tayari tope limeanza kushuka.