Nyumba ya Ibada Iliyosajiliwa: Waprotestanti Waliojitenga katika Sheria za Uingereza

Katika historia ya sheria za Uingereza, nyumba ya ibada iliyosajiliwa ni jengo, chumba au hata ghala lililoandikishwa rasmi ili Waprotestanti waliojitenga na Kanisa la Uingereza, kama vile Wabaptisti, Wapresbiteri na Marafiki (wale ambao kanisa lao lilikuja kuota mizizi magharibi mwa Kenya), waweze kusali humo bila kushtakiwa. Usajili huo haukutokana na kutambuliwa kwa haki ya kuabudu, bali ulikuwa sharti la kuepushwa na adhabu ambazo zenyewe zilikuwa bado hazijafutwa.

Adhabu hizo zilikuwa nzito. Baada ya sheria ya 1662 kuwalazimisha wachungaji wote kukikubali kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza, sheria ya 1664 iliharamisha ibada nyingine yoyote iliyohudhuriwa na watu watano au zaidi wasio wa kaya ilimofanyika. Ilipotungwa upya mwaka 1670, muumini alitozwa shilingi 5 kwa kosa la kwanza, mhubiri na mwenye nyumba pauni 20 kila mmoja, na aliyepeleka habari kwa hakimu akapata mgawo wa faini, jambo lililowafanya baadhi ya watu kuugeuza uchongezi kuwa kazi ya kuwapatia riziki. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa vibali vya ibada kwa amri yake mwenyewe, na mhubiri John Bunyan, aliyekuwa amefungwa mjini Bedford kwa takriban miaka 12, akapata kimoja; lakini Bunge lilipinga, na mwaka uliofuata mfalme akaiondoa amri hiyo.

Msingi wa kudumu uliwekwa na Sheria ya Uvumilivu ya 1689. Mahali pa ibada palipaswa kuthibitishwa kwa askofu, kwa shemasi mkuu au kwa mahakimu katika vikao vyao vya robo mwaka, na karani hakuruhusiwa kutoza zaidi ya peni 6 kwa cheti. Sharti linaloeleza zaidi nia ya watunga sheria ni lile la mlango: kusanyiko lililofunga mlango kwa kufuli au komeo wakati wa ibada lilipoteza kinga yote, kwa kuwa kilichohofiwa na dola hakikuwa mafundisho peke yake, bali pia njama zilizoweza kupangwa faraghani kwa kisingizio cha sala. Kwa upande wa pili, aliyeingia kuivuruga ibada hiyo angeweza kutozwa pauni 20. Wakatoliki na waliokana Utatu waliachwa nje, na waliojitenga waliendelea kulipa zaka kwa parokia ambamo hawakusali.

Wamethodisti walitatizika kwa namna yao, kwani mwanzilishi wao, John Wesley, hakutaka wafuasi wake wahesabiwe kuwa wamejitenga, ingawa mwaka 1787 alikubali majengo yao yaandikishwe. Mwaka 1812 sheria ya 1670 ilifutwa, na usajili ukahitajika tu pale watu wasio wa kaya walipozidi 20. Kuanzia 1852 kazi hiyo ilihamishiwa kwa Msajili Mkuu, na sheria ya 1855, ambayo ingali inatumika, iliupanua usajili kwa dini nyinginezo. Tangu hapo kivutio kikubwa cha kusajili kimekuwa ndoa, kwa sababu sheria ya 1836 ilikuwa imeruhusu jengo lililosajiliwa kuombewa pia idhini ya kufungisha ndoa, ambazo awali waliojitenga, isipokuwa Marafiki, walilazimika kuzifunga katika kanisa la parokia.