Samaki Aliyekwamwa na Mwenzake: Usikimbilie Kuvuta Mkia

Samaki anayekula wenzake humeza windo kwa kuanzia kichwani, kwa sababu magamba na mapezi hulalia upande wa mkia na mwili hupita bila kukwaruza. Ndiyo maana mwenye tangi akikuta mkia unaning'inia mdomoni mwa samaki wake mkubwa, mkono humtoka mara moja autwae na kuuvuta. Mimi huwasihi wanaonipigia simu waache kwanza, mpaka tujue aliyemezwa ni nani.

Akiwa ni samaki mwororo kama guppy, tatizo ni ukubwa tu, na mara nyingi mlaji humtema au kummaliza mwenyewe akiachwa katika utulivu, taa zikiwa zimezimwa. Akiwa wa jamii ya kambare, kama Corydoras au Otocinclus, mambo ni mengine. Hao wana mwiba mgumu mbele ya pezi la mgongoni na mwingine katika kila pezi la kifuani, na wakitishwa huisimamisha na kuifunga kwenye maungio yake, hata kuibonyeza hakuilazi. Akifa pia, inaweza kubaki imesimama. Kumvuta kwa mkia kunaigeuza miiba hiyo kuwa ndoana, inachimba nyama ya koo kila unapozidisha nguvu. Kwa oscar na sikilidi wengine (jamii moja na perege) kuna jambo la ziada: wana taya za pili ndani ya koo, zinazovutia windo ndani wakati wewe unavutia nje.

Kinachoamua haraka ya kuingilia ni pumzi. Maji huingia mdomoni, hupita kwenye matamvua, kisha hutokea chini ya vifuniko vyake. Kwa hiyo samaki aliyesimama wima, vifuniko vikifunguka na kufunga kwa mpigo mmoja, bado anapitisha maji na anaweza kuangaliwa tu huku pampu ya hewa ikiongezwa nguvu. Aliyelala ubavu, vifuniko vikiwa vimebaki wazi, hana muda wa kusubiri.

Huyo namtuliza kwa mafuta ya karafuu, takriban miligramu 40 za yujenoli, kiini kikuu cha mafuta hayo, kwa lita ya maji ya tangi lake mwenyewe. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji kwa urahisi, hivyo huyatikisa kwanza ndani ya kichupa chenye maji hadi yawe meupe, ndipo niyamimine kidogo kidogo. Tahadhari kubwa iko hapa: samaki aliyezibwa koo hupokea dawa polepole, kwa kuwa dawa hupitia matamvua yaleyale yasiyopata maji, na mwenye papara huongeza matone hadi akamuua.

Akishapoteza mizani, namlaza juu ya kitambaa kilicholowa, mikono yangu ikiwa imelowa pia ili nisimtoe ute, na msaidizi anamwagia maji matamvuani. Natazama kwa tochi kupitia mdomo na chini ya kifuniko cha matamvua, ambako ncha ya mwiba wakati mwingine huonekana imechomoza. Kila mwiba ninaoufikia naukata karibu na shina kwa koleo ndogo ya kukatia, kisha namsukuma windo ndani kidogo ili vipande vilivyobaki viachie nyama, ndipo nimtoe taratibu kwa kibano chenye ncha butu. Asipotoka, sishindani naye. Nampunguza vipande vipande.

Baadaye samaki huwekwa kwenye maji safi, mdomo ukielekea kwenye mkondo wa pampu. Hakuna haja ya kumvuta mbele na nyuma, maana maji yanayorudi kinyume hayamsaidii. Chakula kisitolewe kwa siku mbili au tatu, kisha kianze kilaini, na amonia ipimwe kila siku, kwani kidonda cha koo hakipatani na maji machafu. Akitema kila anachokula, au uvimbe ukionekana chini ya taya, kuna mwiba uliobaki, na hapo anahitaji daktari wa mifugo anayeshughulika na samaki.