Kasoro za filamu zinazoupendeza uso, na zile za kutupa

Kwa ukali wa picha, mkanda wa milimita 35 haufui dafu mbele ya kamera ya kidijitali ya kawaida. Anayeshika filamu kupiga picha za watu anachagua kasoro zake: chembe (vile vijidoa vidogo vya filamu), mwanga unaofifia taratibu, kiganja kilichotikisika. Ila kasoro hazilingani. Nyingine ni uharibifu mtupu, unaotokana na kipimo kibaya au maji ya moto, na hauna uzuri wowote hata ukiuita sanaa.

Anza na paji la uso. Mkalishe mtu mweusi hatua moja ndani ya mlango ulio wazi. Ngozi yake inaakisi mwanga wa nje kama mpingo uliosuguliwa: mng'ao kwenye paji, puani, juu ya mashavu. Mng'ao huo ndio unaoupa uso umbo lake. Kihisi cha dijitali kikishajaa mwanga hakipokei zaidi, na palipong'aa panabaki doa jeupe lenye ukingo. Hakuna programu inayorudisha kisichonaswa. Negativu, yaani filamu ambayo palipopata mwanga hutoka peusi, haijai ghafla namna hiyo. Mwanga ukizidi, weusi wake huendelea kuongezeka kwa hatua zinazozidi kuwa fupi, na mng'ao unayeyukia kwenye weupe bila mstari. Kwa hiyo usimfute mtu kwa poda mpaka uso ukawa bapa. Mpe mwanga mpana, wa mlango au dirisha, na flashi ndogo ya juu ya kamera iache mfukoni, maana hiyo hutia vidoa.

Haki isemwe: filamu za rangi za zamani hazikumtendea kila mtu wema huu. Kwa miaka mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na nyuso nyeusi zikatoka kama vivuli. Filamu ya rangi ya leo kama Portra 400, au HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe, zinatosha kabisa kwa ngozi yoyote ukipima sawasawa.

Na hapo kwenye kupima ndipo wengi wanapoharibu. Kipimamwanga hakijui ngozi ya mtu. Kila unachokielekezea hukichukulia kuwa kijivu cha wastani. Weka ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga), sogea mpaka uso ujaze kipimo, pima shavu lenye mwanga. Kama ngozi ni nyeusi sana, piga kama kipimo kinavyosema: tayari umeipa filamu karibu stopu moja ya ziada (kila stopu ni mwanga maradufu), nayo inaipenda. Ngozi ya maji ya kunde, ongeza stopu moja. Ngozi nyeupe, ongeza mbili. Kama unapima mwanga unaomwangukia mtu, kipimo kikiwa chini ya kidevu na kuelekea kamera, weka ISO 200, ambayo tayari inaongeza stopu moja, na uishie hapo kwa ngozi zote. Usichanganye njia hizi mbili, utaongeza mara mbili.

Ukimsimamisha mtu mbele ya ukuta wa chokaa na kuiacha kamera ipime fremu nzima, ukuta unaidanganya na uso unakosa mwanga. Negativu inatoka nyepesi, ndevu na mboni zinakuwa shimo moja la giza lenye chembe za tope. Kusafisha filamu kwenye dawa kwa muda mrefu zaidi hakuokoi: kunapandisha sehemu zenye mwanga, vivuli vinabaki vilevile.

Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu. Kwa lenzi ya milimita 85, umbali wa mita moja na nusu, tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/1.8 linakupa kina cha fokasi cha kama sentimita 3 tu. Mtu akipumua, jicho limetoka. F/4, tundu dogo zaidi, inakupa kama 7. Mwanga ukipungua, mimi huona afadhali kutumia stendi ya miguu mitatu na sekunde 1/15 kuliko kufungua lenzi yote. Mwambie ashushe pumzi, kisha bonyeza. Macho yanatulia, vidole vinavyochezea ncha ya khanga vinaacha ukungu mdogo. Kasoro hiyo itunze.

Kwenye kusafisha, adui wa pwani ni joto. HP5 Plus katika ID-11, dawa ya kusafishia, isiyochanganywa na maji ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba yakiwa 28, muda unashuka chini ya dakika 5, na hapo dawa haisambai sawa: ukuta nyuma ya kichwa unapata michirizi. Changanya nusu kwa nusu, mililita 150 za dawa na 150 za maji kwa mkanda mmoja. Muda unakuwa dakika 13 kwa nyuzi 20, au kama 9 kwa nyuzi 24, joto ambalo beseni lenye chupa za barafu linalifikia. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Pindua tangi mara nne mwanzoni mwa kila dakika, kisha ligonge mezani. Kiputo kikiganda shavuni kinaacha duara lisilofutika. Fiksa (dawa ya kuidumisha picha) na maji ya kuoshea viwe na joto hilohilo, la sivyo jeli ya filamu inajikunja.

Maji ya kisima cha chumvi yasiwe ya mwisho. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi, kisha anika mahali pasipo na feni, kwa sababu vumbi hupenda jeli mbichi. Ukiskani, zima kabisa kile kitufe cha kunoa picha. Kinanoa chembe kabla ya kope, na shavu laini linageuka mchanga.