Picha za Retina bila Sindano: Kwa Nini Unaitwa Tena

Kitengo chetu cha picha za macho kimekuwa kikipokea malalamiko mengi kutoka kwa wagonjwa wa kisukari, wa shinikizo la damu na wale waliowahi kuzibwa vena (mshipa unaotoa damu) ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, wanaouliza kwa nini wanarudishwa kwenye mashine ilhali wanaona vizuri. Kuona vizuri si kipimo cha hali ya mishipa. Retina inaweza kukosa damu pembezoni kwa muda mrefu kabla mwenye jicho hajahisi lolote.

Mashine hiyo hutumia tomografia ya mwanga, yaani kupiga picha za matabaka ya jicho kwa mwanga; njia hii, iliyotangazwa mwaka 1991, haitumii eksirei wala haigusi jicho. Aina yake ya angiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, hupiga sehemu ileile mara kadhaa mfululizo: tishu iliyotulia haibadiliki, chembe za damu zinazopita hubadilika, na kwa tofauti hiyo mashine huichora mishipa. Pasipopita damu hubaki peusi.

Ndiyo maana tunasisitiza utulivu, jambo ambalo baadhi huliona kuwa ukali wa mtaalamu. Mgonjwa huegemeza kidevu na paji la uso, hukazia macho alama iliyo ndani ya mashine, hupepesa anaporuhusiwa, kisha hutulia kwa sekunde chache. Akipepesa katikati, picha hukatwa na utepe mweusi. Akihamisha jicho, mshipa mmoja huonekana umevunjika au umekuwa miwili. Picha ya namna hiyo hurudiwa papo hapo, na isipofaa huandikwa kuwa haisomeki na miadi hupangwa upya, kwa kuwa weusi wa kope haupaswi kuingia kwenye jalada kama weusi wa ugonjwa.

Wapo pia wanaodai kudanganywa pale daktari anapoomba kipimo cha kudungwa rangi baada ya hiki. Hakuna aliyedanganywa: angiografia ya mwanga haionyeshi rangi ikivuja kutoka kwenye mshipa, na kwa kawaida eneo inalolifikia ni dogo. Rangi hiyo huweza kuifanya ngozi iwe ya manjano na mkojo uwe wa chungwa kwa muda, na hilo huelezwa kabla ya mgonjwa kutia saini.

Anayehama kliniki aombe nakala za picha zake na aulize zimepigwa kwa mashine ipi. Unene wa retina uliopimwa kwa mashine moja haulinganishwi moja kwa moja na wa mashine nyingine, hata tofauti ikiwa ya maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu.